Jinsia na magwanda: Mjadala wa mahuntha na waliobadili jinsia jeshini

KATIKA kaunti za Kitui na Makueni, siku ya usajili wa makurutu wa jeshi ni siku inayongojwa kwa hamu. Vijana hufika uwanjani kabla ya jua kuchomoza, bahasha mkononi, na ndani yake kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na cheti cha mtihani wa KCSE. Wavulana huvua mashati wakabaki na kaptura. Hupimwa kimo na uzani, hukaguliwa meno na nyayo, kisha hutimua mbio huku jamaa na wapita njia wakitazama. Wasichana hupanga mstari wao kando na, pamoja na vipimo hivyo, hupimwa ujauzito. Matangazo ya usajili ya miaka ya karibuni yametaja kimo cha mita 1.60, lakini uzani ukatofautishwa: mvulana asipungue kilo 54.55, na msichana asipungue kilo 50.

Mistari ni miwili tu. Kijana ambaye maumbile yake ya uzazi hayakukamilika upande mmoja, au ambaye cheti chake kinasema hivi na maisha yake yanasema vile, hana mstari wa kusimama.

Swali la kama mtu wa aina hiyo anafaa kuvaa magwanda na kuhudumu bila kujificha limezua mvutano mkubwa Marekani, na limekwisha kuamuliwa kwa njia moja au nyingine katika mataifa kadhaa ya Ulaya. Kenya haijatangaza sera yoyote kuhusu jambo hilo. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012 haiwataji watu waliobadili jinsia wala mahuntha, si kwa kuwaruhusu wala kwa kuwakataza. Kesi ya Kenya inayokaribia zaidi mjadala huo ilianzia Kitui, na haikuanzia kambini bali kizimbani.

Kabla ya kuendelea, inafaa maneno yatenganishwe, kwa kuwa mengi yanayosemwa kuhusu suala hili hupotoka kwa sababu ya kuyachanganya. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayawezi kuitwa ya kiume wala ya kike waziwazi. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walilijadili karne nyingi zilizopita walipotaka kujua mtu wa namna hiyo arithi fungu la mwana wa kiume au la binti. Aliyebadili jinsia ni mtu ambaye maumbile yake ya kuzaliwa hayakuwa na utata, lakini anajitambua na kuishi kama mtu wa jinsia nyingine, akiwa amepata matibabu au hajapata. Mapenzi ya watu wa jinsia moja ni jambo la tatu kabisa, ambalo ndilo linaloguswa na Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kilichodumishwa na Mahakama Kuu mnamo Mei 24, 2019. Katika mazungumzo ya mitaani, na wakati mwingine bungeni, mambo haya matatu hutiwa kapu moja.

Mkamba na bunduki

Mjadala huu una uzito wa pekee Ukambani kwa sababu jeshi huko si ajira ya kawaida. Tangu miaka ya 1930 maafisa wa Uingereza waliwahesabu Wakamba kuwa miongoni mwa makabila ya kivita, na wakawasajili katika kikosi cha King's African Rifles kwa idadi kubwa kuliko sehemu yao katika wakazi wa koloni. Mwanahistoria Timothy Parsons, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu askari Waafrika wa kikosi hicho, na Myles Osborne, katika kitabu cha mwaka 2014 kuhusu Wakamba na dhana ya kabila la kivita, wameonyesha kwamba sifa hiyo haikuwa ya damu. Ilitokana na mahitaji ya serikali ya kikoloni, pamoja na hesabu za Wakamba wenyewe, ambao ardhi yao ya ukame iliwapa njia chache za kupata fedha taslimu.

Wakamba waliitumia sifa hiyo kama kitu cha kujadiliana nacho. Mwaka 1938, serikali ilipotaka kupunguza ng'ombe wao kwa nguvu, Muindi Mbingu aliongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini serikali ililegeza kamba. Miongoni mwa mambo yaliyowatia maafisa wasiwasi ni hofu ya kuwaudhi watu waliokuwa wakitegemewa kwa askari.

Baada ya uhuru, Joseph Ndolo aliliongoza jeshi hadi alipojiuzulu mwaka 1971, na Jackson Mulinge wa Kathiani, Machakos, akawa Mkenya wa kwanza kupata cheo cha jenerali kamili. Makueni yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992. Familia nyingi katika kaunti hizi zina babu aliyepigana Burma, au baba aliyestaafu akiwa sajini na kujenga nyumba ya mabati kwa malipo yake ya uzeeni. Kwa hivyo kijana anayefungiwa mlango wa jeshi hapotezi mshahara peke yake. Anakosa pia njia ambayo kwa miaka zaidi ya themanini imekuwa ikimfanya mwana wa Mkamba ahesabiwe mtu mzima.

Kesi ya Kitui

Mlalamishi ambaye taarifa za sheria humtambua kwa herufi R.M. alizaliwa huntha. Mamaye alimpa jina la kiume na kumlea kama mvulana. Katika malalamiko yake alisema kwamba kwa sababu ya hali yake hakupata cheti cha kuzaliwa, na kwa kukosa cheti hicho hakuweza kupata kitambulisho wala kupiga kura. Aliacha shule akiwa madarasa ya chini.

Katikati ya muongo wa 2000 alikamatwa, akafikishwa katika mahakama ya Kitui kwa shtaka la wizi wa mabavu, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Utata wa maumbile yake uligunduliwa akiwa mikononi mwa maafisa, na daktari akauthibitisha. Mahakama ikajikuta katika hali ambayo sheria haikuwa imeiwazia: gereza la Kitui lilikuwa na upande wa wanaume na upande wa wanawake, na mshtakiwa hakuwa wa kuwekwa upande wowote kwa usalama. Hakimu akaamuru azuiliwe katika seli za kituo cha polisi cha Kitui wakati kesi ikiendelea.

Alipopatikana na hatia na kuhukumiwa kifo, busara hiyo ilikoma. Alipelekwa katika gereza kuu la Kamiti, miongoni mwa wanaume. Huko, kwa maelezo yake, alivuliwa nguo na kupekuliwa mara kwa mara mbele ya wengine. Aligeuzwa kitu cha kutazamwa, akatukanwa na kudhalilishwa.

Mwaka 2007 aliishtaki serikali, kupitia malalamiko nambari 705 ya mwaka huo. Mambo aliyoyaomba yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba sheria itambue jinsi ya tatu. La pili ni fidia kwa aliyotendewa. Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa uamuzi mnamo Desemba 2, 2010, na uamuzi huo ulikuwa na nyuso mbili.

Kuhusu ombi la kwanza, majaji walikataa. Walisema kwamba mtu aliyezaliwa huntha anaweza kuingizwa katika mojawapo ya jinsi mbili zinazotambuliwa na sheria ya usajili wa vizazi. Waliongeza kwamba hawakuletewa takwimu za kuonyesha kuwa kuna kundi kubwa la watu kama yeye, na kwamba jamii ya Kenya, kwa maadili na imani zake, ilikuwa bado ya kimila kwa kiasi kikubwa na haikuwa tayari kwa hatua hiyo. Kuhusu ombi la pili, waliona kwamba upekuzi aliofanyiwa Kamiti ulikuwa ukatili na udhalilishaji uliokatazwa na Katiba ya zamani, wakaamuru alipwe Sh500,000.

Hoja ya kukosekana kwa takwimu ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Watu hawawezi kuhesabiwa na serikali ambayo fomu zake hazina mahali pa kuwaandika. Miaka tisa baadaye fomu ilibadilishwa. Sensa ya mwaka 2019 iliwapa mahuntha kisanduku chao kwa mara ya kwanza, na ikapata watu 1,524 nchini kote kati ya wakazi 47,564,296. Kitui, yenye watu 1,136,187, ilikuwa na mahuntha 33. Makueni, yenye watu 987,653, ilikuwa na 20. Nambari hizo ni ndogo, na kuna kila sababu ya kudhani kwamba ni pungufu, kwa maana karani wa sensa huuliza mbele ya familia nzima na mara nyingi mwenye kujibu ni mkuu wa nyumba.

Gereza na kambi

Mtu anaweza kuuliza mfungwa wa Kamiti anahusiana vipi na mwanajeshi. Magereza, polisi na jeshi ni vyombo vilivyojengwa juu ya msingi mmoja. Watu huishi kwa makundi, hulala ukumbi mmoja, huoga pamoja, huvaa sare, hupekuliwa, na hugawanywa mara ya kwanza kabisa kwa jinsi. Swali lililomshinda hakimu wa Kitui, yaani alale wapi, ndilo swali la kwanza ambalo afisa wa kambi ya makurutu mjini Eldoret angejiuliza.

Bunge lilijaribu kulijibu kwa upande wa wafungwa. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya mwaka 2014 ndiyo ya kwanza nchini kumtaja huntha na kueleza maana yake. Inampa haki ya kuchagua jinsi ya afisa atakayempekua, na inataka azuiliwe mbali na wengine. Mnamo Desemba mwaka huohuo Jaji Isaac Lenaola alitoa uamuzi katika kesi ya mtoto aliyezaliwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambaye kwenye karatasi zake mahali pa jinsi paliwekwa alama ya kuuliza. Alimtaka Mwanasheria Mkuu aonyeshe ni asasi gani itakayokusanya takwimu za watoto wa aina hiyo na sheria ipi itakayowalinda. Jopo maalumu liliteuliwa mwaka 2017, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja watoto mahuntha waziwazi.

Kwa waliobadili jinsia, kesi iliyovuma ni ya Audrey Mbugua, aliyefanya KCSE kwa jina la kiume na baadaye kuishi kama mwanamke. Mnamo Oktoba 7, 2014, Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Mitihani la Kenya kumpa cheti kipya chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsi. Uamuzi huo ulihusu karatasi moja tu, lakini ndiyo karatasi ileile ambayo kijana wa Mwingi au Wote huitoa kwenye bahasha asubuhi ya usajili.

Katiba inasema nini

Wengi huamini kwamba mwanajeshi huziacha haki zake langoni pa kambi. Katiba ya mwaka 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 24(5) kinaruhusu sheria kupunguza haki za wanajeshi na polisi, lakini kinazitaja haki zenyewe, nazo ni sita: faragha, kujiunga na vyama, mikutano na maandamano, uhusiano wa kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za mtu aliyekamatwa. Kifungu cha 27 kuhusu usawa hakimo katika orodha hiyo. Cha 28 kuhusu utu wa binadamu hakimo vilevile. Uhuru wa kutoteswa na kutodhalilishwa, kwa mujibu wa Kifungu cha 25, hauwezi kupunguzwa kwa mtu yeyote.

Maana yake ni kwamba jeshi lina uwezo wa kumtaka kurutu avue nguo mbele ya daktari, kwani faragha inaweza kupunguzwa kisheria. Lakini kumgeuza kichekesho mbele ya wenzake, au kumfukuza kwa sababu ya alichokiona daktari bila kuonyesha kwamba kinaathiri kazi, ni jambo tofauti na lina mizani yake. Aidha, Kifungu cha 238 kinataka usajili wa asasi za usalama uakisi sura mbalimbali za Wakenya kwa uwiano. Walioandika maneno hayo yamkini walikuwa wakifikiria makabila. Maneno, hata hivyo, hayakuishia kwenye makabila.

Kuhusu upana wa Kifungu cha 27, Mahakama ya Juu ilitoa mwanga mnamo Februari 24, 2023, katika kesi kuhusu usajili wa shirika la kutetea mashoga na wasagaji. Majaji wengi walisema kwamba orodha ya misingi ya ubaguzi iliyokatazwa haijafungwa. Uamuzi huo ulipingwa vikali makanisani, misikitini na bungeni, na haukugusa jeshi hata kidogo. Lakini wakili yeyote atakayefungua kesi ya mwanajeshi huntha au aliyebadili jinsia ataanzia hapo.

Njia waliyopita wanawake

Hoja zinazotolewa dhidi ya watu hawa zina ndugu zake wakubwa. Kikosi cha Wanawake kilipoanzishwa katika jeshi la Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanawake waliwekwa peke yao, wakawa na maafisa wao na kazi zao, kwa dhana kwamba mwanamke angevuruga nidhamu ya wanaume. Ilichukua takriban miaka 30. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1999, na wanawake wakaingizwa katika jeshi la nchi kavu, la wanahewa na la wanamaji moja kwa moja. Fatuma Ahmed, aliyejiunga mwaka 1983, alikuwa brigedia mwaka 2015, meja jenerali mwaka 2018, na mnamo Mei 2024 akakabidhiwa uongozi wa jeshi la wanahewa.

Wanaotaka mlango ufunguliwe zaidi huutumia mfano huu mara kwa mara. Wanaopinga hujibu kwamba mwanamke alipoingia, jeshi lilijua amjengee bweni gani na ampime kwa kipimo kipi, na kwamba kilo 50 na kilo 54.55 si ubaguzi bali ni utaratibu. Jibu hilo lina nguvu kiasi. Udhaifu wake ni kwamba mabweni ya wanawake hayakuwepo hadi yalipojengwa.

Mvutano wa Marekani

Wakenya wanaufuata mjadala wa Marekani kwa karibu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa wamo wanaovaa magwanda ya nchi hiyo. Mpango wa kusajili wageni wenye ujuzi maalumu, ulioanza mwishoni mwa muongo wa 2000 na kusimamishwa mwaka 2016, uliorodhesha Kiswahili miongoni mwa lugha zilizotafutwa.

Mnamo Juni 30, 2016, Waziri wa Ulinzi Ash Carter aliondoa marufuku dhidi ya wanajeshi waliobadili jinsia. Aliegemea utafiti wa shirika la RAND, uliokadiria kwamba walikuwa kati ya 1,320 na 6,630 katika jeshi la askari milioni 1.3, na kwamba matibabu yao yangegharimu kati ya dola milioni 2.4 na milioni 8.4 kwa mwaka. Julai 2017, Rais Donald Trump alitangaza kwamba hawatakubaliwa. Waziri wake Jim Mattis akaandika mapema mwaka 2018 kwamba utayari wa vita, mshikamano wa vikosi na faragha vingeathirika, akalegeza marufuku kwa waliokwisha kuingia. Sera hiyo ilianza kutekelezwa Aprili 12, 2019. Januari 25, 2021, Rais Joe Biden aliifuta. Januari 27, 2025, Trump aliirejesha kwa ukali zaidi, na Mei 6 mwaka huo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaruhusu itekelezwe huku kesi zikiendelea.

Askari mmoja aliyejiandikisha mwaka 2015 angekuwa haramu, halali, haramu, halali, kisha haramu tena, bila mwili wake wala utendaji wake kubadilika. Hata anayepinga watu hao kuwa jeshini anaweza kukiri kwamba hiyo si njia ya kuendesha jeshi.

Uholanzi iliwaruhusu tangu mwaka 1974. Uingereza, ambayo askari wake hufanya mazoezi Nanyuki na Archers Post, iliondoa marufuku dhidi ya mashoga Januari 2000 baada ya kushindwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 1999, na waliobadili jinsia nao huhudumu. Majeshi hayo hayakusambaratika. Ni kweli pia kwamba ni majeshi ya nchi tajiri, yenye vyumba vya watu wachache na hospitali zake, na si ya kikosi kinacholala kwenye mahandaki katika vituo vya Somalia, ambako Kenya iliingia Oktoba 2011.

Mila na dini

Ukambani, hoja zinazosikika zaidi hazitoki Washington. Hutoka kanisani na kwa wazee.

Ukristo wa Makueni una mizizi mirefu. Kituo cha kwanza cha wamishenari wa Africa Inland Mission kilifunguliwa Nzaui mwaka 1895. Mahubiri mengi kuhusu jinsia huanzia sura ya kwanza ya Mwanzo, kwamba Mungu aliumba mwanamume na mwanamke, na kwa wahubiri wengi mambo huishia hapo. Wengine hukumbusha maneno ya Yesu katika Mathayo 19:12 kuhusu matowashi waliozaliwa hivyo tumboni mwa mama zao, wakasema kwamba Injili haikuwafumbia macho. Tofauti inayojitokeza kati ya waumini ni kwamba wengi humhurumia huntha, kwa kuwa hakujichagulia, lakini humwona aliyebadili jinsia kuwa amemkosoa Muumba. Tofauti hiyo inaeleweka, ila kwa vitendo haimsaidii sana huntha. Aliyeandikwa msichana utotoni na kuota ndevu akiwa na miaka 16 akaanza kuishi kama mwanamume huonekana mbele ya majirani sawasawa na aliyebadili jinsia, na huhukumiwa kabla ya kuulizwa.

Kwa upande wa mila, Wakamba wana desturi ya iweto. Mwanamke asiyejaliwa watoto, au asiye na mtoto wa kiume, humwoa mwanamke mwingine kwa mbuzi na ng'ombe kama ilivyo ndoa yoyote. Watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba ya yule aliyeoa na hurithi ardhi kwa jina lake. Si mapenzi ya wanawake wawili, na wazee hukasirika mtu anapodokeza hivyo. Ni nafasi ya mume inayoshikwa na mtu mwenye mwili wa kike kwa ajili ya ukoo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya aina hiyo miongoni mwa Wanandi katika mzozo wa urithi.

Wapo wasomi wanaoichukua iweto kuwa ushahidi kwamba Afrika ilikubali jinsia nyingi. Hilo ni kuivuta desturi kupita urefu wake. Aliyeoa iweto hakuacha kuwa mwanamke machoni pa mtu yeyote, wala hakupewa upinde akaende vitani. Lakini wanaodai kwamba mila iliwafunga watu katika nafasi mbili zisizohama nao wana la kujibu, kwa sababu desturi hii ilitenganisha mwili na wadhifa pale ambapo mahitaji ya nyumba yalidai hivyo, na haikuhitaji hakimu wala daktari.

Palipokuwa pagumu zaidi ni kwenye nzaiko, jando na unyago wa Wakamba. Huko, kama ilivyo katika uwanja wa usajili, makundi yalikuwa mawili, na ukaguzi ulifanyika mbele ya rika.

Eldoret

Uamuzi wa karibuni zaidi umetoka Eldoret, mji uleule ambamo makurutu hufunzwa. Mwaka 2019 mtu aliyebadili jinsia na kuishi kama mwanamke alikamatwa katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi kwa madai ya kujifanya mtu mwingine, akapelekwa gereza la wanawake, na huko akavuliwa nguo na kukaguliwa. Mnamo Agosti 12, 2025, Jaji Reuben Nyakundi aliamua kwamba utu wake ulikiukwa, akaamuru alipwe Sh1 milioni. Ukilinganisha na kesi ya R.M., makosa ya maafisa yalikuwa yaleyale, na fidia iliongezeka maradufu.

Jambo jipya lilikuwa agizo la pili. Jaji aliitaka serikali ipeleke bungeni sheria ya kulinda haki za waliobadili jinsia, au iurekebishe mswada wa mwaka 2024 kuhusu mahuntha ili uwaguse nao pia. Mahakama ya mwaka 2010 ilisema jamii haiko tayari. Ya mwaka 2025 ilisema Bunge halina budi kutenda.

Sheria ya namna hiyo, ikiwa itapitishwa, italazimika kusema wazi kama inavihusu vikosi vya usalama au inaviacha kando. Ikivihusu, Wizara ya Ulinzi itapaswa kuandika kanuni kuhusu vipimo vya uzani, mabweni, upekuzi na siri za matibabu, na kuamua kama cheti cha mtihani kisicho na alama ya jinsi kinatosha kwenye meza ya usajili. Ikiviacha kando, kijana mmoja kati ya wale 53 waliohesabiwa Kitui na Makueni ataendelea kuchagua kati ya mambo mawili asubuhi hiyo: kuficha alivyo kwa matumaini kwamba daktari hatatazama sana, au kubaki nyumbani.